Mdomo Huchorwa Mwisho

Mzee aliyeishi ghorofa ya chini yetu, pale Evere, mtaa wa Brussels, alikuwa Mpolandi, na kazi yake ya maisha yote ilikuwa kuchora nyuso za watu kwa rangi za mafuta. Alianzia kwenye paji la uso, akashukia macho, pua, mashavu, masikio. Mdomo aliuacha mwisho.

Nitaeleza sababu yake, maana kabla sijaolewa huku nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Morogoro, na ualimu haujaniacha. Pua, alisema, haiwezi kudanganya. Macho yanajaribu, lakini yanachoka upesi. Mdomo ndio mtu anaokuja nao umevaliwa tayari, kama shati la kanisani. Anaubana kidogo ili aonekane ana akili, au anauinua pembeni ili aonekane mpole. Kazi ya mchoraji ni kungoja. Aendelee na mashavu, aendelee na shingo, azungumze na mtu wake habari za baridi na za watoto, mpaka siku mtu achoke kuushika mdomo wake na kuusahau pale usoni. Siku hiyo mchoraji anaubadili mshiko wa brashi, anafanya kazi haraka, na picha imekwisha.

"Na asipochoka?" nilimuuliza mara moja.

"Wote huchoka," alisema. "Tofauti ni nani anachoka kwanza, yeye au mimi."

Alikuwa amefika Brussels kijana, na mke na sanduku la rangi. Mke alisafisha nyumba za watu, yeye akachora. Zamani kulikuwa na wateja: manotari, madaktari, watoto wa maofisa wa mashirika ya Ulaya waliovishwa sweta nzuri na kuahidiwa chokoleti. Karibu kila mteja aligombana naye, na karibu kila ugomvi ulikuwa wa mdomo. Mdomo wangu si mkavu hivi, walisema. Mume wangu hana dharau namna hii. Alikuwa mkaidi, hakubadilisha. Wengine waliziacha picha kwake, na ndiyo sababu chumba chake cha kazi kilikuwa kimejaa watu waliogeuzwa uso ukutani. Kisha mke wake akafa, simu zikaja na kamera zinazolainisha ngozi, na wateja wakaisha. Nilipomfahamu mimi, alikuwa mzee anayenunua mkate wa jana na kuwatazama watu kwenye lifti muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Mama mkwe wangu alikuja kuishi nasi kutoka Lubumbashi baada ya baba mkwe kufariki. Huko alikuwa amefanya biashara ya vitenge na kulea watoto kwa sauti kubwa. Mwaka wa pili wa kukaa kwake kwetu akapata kiharusi. Mkono ulirudi, mguu ulirudi nusu, lakini mdomo ulibaki umevutwa upande mmoja, na alipocheka ulivutika zaidi, kama mtu anayeng'ata uzi.

Hapo watoto wake walianza kumficha. Natumia neno alilolitumia mama mwenyewe. Si watu wabaya. Mume wangu alimkata kucha kwa mkono wake kila Jumamosi. Wifi yangu, anayefanya kazi saluni ya Matonge, mtaa wa Wakongo, alimsuka nywele kila alipokuja. Lakini ilipofika kupiga simu ya video Lubumbashi, wifi alisogeza simu mpaka ionekane kilemba tu na macho.

"Maman, geuka kidogo. Voilà. Weka kitambaa hapa, kama unapangusa."

"Napangusa nini? Sili kitu."

"Weka tu, maman. Bale ba kule batalia." Kwao "wale" ni "bale", na "watu" ni "batu" au "bantu".

Picha za harusi, za ubatizo, za Krismasi, alipangwa nyuma ya mtu mrefu. Ukitazama picha za familia za miaka ile utamkuta: kilemba kizuri, na bega la mtu mbele yake.

Mzee wa chini alimkuta amekaa kwenye benchi karibu na masanduku ya barua, akipumzika kabla ya lifti. Nilikuwepo na mifuko ya sokoni. Walizungumza Kifaransa, nami nakiandika hapa kwa Kiswahili.

"Mama, nikuchore?"

"Una wazimu, papa? Mdomo huu huuoni?"

"Nimeuona. Ndio maana nimeuliza."

Alimtazama kitambo, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Mwalimu, uyu muzungu ashaniona." Akaanza kucheka, mdomo ukaenda zake pembeni, na hakuinua kitambaa.

Wakaanza majira ya majani kuanguka. Nilimshusha kila Jumanne na Ijumaa baada ya chai ya asubuhi, nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikimenya viazi au nisifanye kitu. Nilijifunza mengi pale, na kama una mtoto anayependa kuchora, mwambie haya: yule mzee aliishia kuiondoa rangi nyeusi mezani kwake. Kwanza alijaribu kahawia iliyochanganywa na nyeusi, na mama akamwambia, "Papa, mimi si makaa." Aliifuta yote kwa kitambaa chenye tapentaini. Akamsogeza karibu na dirisha, akafumba jicho moja, akatafuta. Juu ya paji aliweka buluu kidogo, kwenye mashavu wekundu wa matofali, na chini ya kidevu rangi ya majani. Mama alipoiona alinipigia kelele.

"Mwalimu, kuya utazame! Ananitia majani kwa shingo! Mi niko sombe?" Sombe ndicho kisamvu.

Lakini tuliposogea nyuma hadi mlangoni, majani yalipotea na shingo yake ikawa pale. Vilevile mzee alikuwa na kioo kidogo. Aligeuka akaipa picha mgongo na kuitazama kupitia kioo, maana ikigeuzwa kushoto-kulia makosa hujitokeza yenyewe. Mtoto wako ajaribu. Haina gharama.

Walitaniana sana, wale wajane wawili. "Unanitazama kama unanunua mbuzi," alimwambia. "Mbuzi hazungumzi hivi," alijibu mzee, na brashi haikusimama.

Siku moja mzee alimsimulia desturi ya kwao. Zamani, katika nchi yake, wakubwa walipokufa, kichwani mwa jeneza palipigiliwa picha yao iliyochorwa juu ya bati lenye pembe sita, umbo la ubao wa jeneza lenyewe. Picha iliwaelekea waombolezaji, kana kwamba marehemu amekuja kwenye mazishi yake na anawahesabu. Na haikuremba. Kama mtu alikuwa na chunjua au jicho bovu, lilichorwa. Baada ya maziko picha ilitundikwa kanisani, na nyingine ziko hadi leo, zinakutazama kwa chuki au kwa usingizi, kila mtu na yake.

Mama mkwe aliugusa mdomo wake kwa vidole.

"Na mimi nataka hiyo," alisema. "Kwenye matanga yangu wanione na mdomo huu."

Mzee akaweka brashi chini. Mama akanigeukia, maana Kifaransa hakikumtosha.

"Mwambie vizuri. Bananificha. Mi niko muzima na bananificha. Miaka mbili hii njo kinywa nilikuwa naombea Mungu, njo kinywa nilikuwa nabusu bajukuu. Bale bote batakuya kulia, balilie huyu. Basilie mwengine."

"Njo" ya kwao ndiyo "ndio" yetu. Nilimwambia vizuri. Mzee alisikiliza kwa uso wa mtu aliyepewa chakula baada ya kuzoea njaa. Wiki iliyofuata turubai ilikuwa imewekwa kando, na penye kiegemeo cha kuchorea palisimama bati la pembe sita, limepakwa rangi ya msingi, na uso wa mama ukianza upya juu yake. Alifanya kazi haraka, kwa sababu safari hii aliujua. Paji, macho, mashavu, kilemba cha kitenge cha kijani. Katikati ya chini paliachwa kijivu cha msingi mahali pa mdomo.

"Bado wiki moja, mbili," aliniambia. "Anaanza kuchoka kuwa shujaa. Mdomo unakaribia."

Sasa lazima nieleze kosa, na ni kosa ambalo huenda lingetokea tu kati ya Mpolandi mzee na familia ya Katanga. Kwake, kumtengenezea mtu picha ya jeneza kulikuwa heshima kubwa kuliko zote aliyoweza kuitoa. Kwao, kumtengenezea mtu aliye hai kitu cha jeneza ni kumwita kifo kwa jina lake na kumfungulia mlango. Mimi nilikuwa katikati, ninaijua desturi ya upande mmoja na ya upande wa pili, na mama mwenyewe alikuwa ameamua. Niliona uamuzi ni wake.

Wifi alikuja Ijumaa moja bila kupiga simu, akashuka kumfuata mama yake amsuke. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kazi, akaliona bati.

"Juu ya nini iko na pembe hivi?" Juu ya nini, kwao, ni kwa nini.

Mama, kwa furaha yote, akamweleza.

Sijawahi kusikia mtu akilia hivyo katika jengo lile. Majirani walifungua milango. "Maman ashakufa? Semeni! Maman ashakufa? Alors juu ya nini munamutengenezea bintu bya sanduku?" Sanduku kwao ndilo jeneza. Akamgeukia mzee kwa Kifaransa, akamwita monsieur, yaani bwana, neno ambalo katika kinywa chake siku ile lilikuwa baya kuliko tusi. Akamwambia kwamba anamla mama yake kidogo kidogo kwa brashi.

Mzee hakuelewa. "Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetaka," alirudia. "Yeye mwenyewe."

"Niko nasikia," mama mkwe alisema kutoka kitini. "Bantu, niko hapa, niko nasikia." Wifi aliendelea kumfokea mzee.

Jioni mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni.

"Ni mama yako aliyeomba," nilimwambia. "Nenda ukamuulize yeye, usiniulize mimi."

"Chérie, mi naelewa. Ni mugonjwa, anasema bintu. Lakini batu batasema nini? Batasema mutoto mukubwa ashapima mama yake sanduku."

"Hataki kufichwa. Ndilo jambo lenyewe. Hakuna lingine."

"Nani anamuficha?" aliniuliza, na alishangaa kweli. Hapo niliona ukuta. Huwezi kumtoa mtu mahali ambapo hajui amesimama. Nilirudia maneno yale kwa sauti mbalimbali mpaka Krismasi, kama nilivyokuwa nikirudia hesabu kwa mtoto, na mume wangu alinisikiliza kwa upole, na jibu lilikuwa hapana. Mama asishuke tena. Wifi akazibadili siku zake za mapumziko zikawa Jumanne na Ijumaa.

Mzee alinisimamisha kwenye lifti mara mbili tatu. "Nusu saa tu," alisema. "Nipandishe mimi kwenu wakiwa kazini." Nilimpeleka ujumbe mama, na mama akatikisa kichwa. Alikuwa ameanza kuogopa, si kifo, watoto wake. Aliniambia, "Nitapigana na nani? Banaosha miye." Tangu hapo alipoketi sebuleni alijifunika kitambaa mdomoni mwenyewe, bila kuambiwa, hata tulipokuwa sisi wawili tu.

Alifariki mwezi wa pili, asubuhi, akiwa amelala.

Nilidhani picha imekufa naye. Lakini siku ya tatu mume wangu alikuwa akitafuta picha ya kuweka ukumbini, akapitia simu yake, ya dada yake, yangu, na hakukuta uso. Kilemba, bega la mtu, kitambaa. Ya mwisho iliyomwonyesha mzima ilipigwa kwenye harusi yetu, miaka mingi nyuma, na nusu yake imezibwa na keki. Aliketi sakafuni. Kisha akasimama, akashuka ghorofa moja.

Nilimfuata. Mzee aliligeuza bati lililokuwa limeelekea ukutani, na mume wangu alipoyaona macho ya mama yake alilia kama mtoto, akamshika mzee mkono wenye rangi na kuubusu.

"Papa, umalizie. Tafadhali. Umuweke pale mbele kesho kutwa."

Niliona jinsi mzee alivyomtazama. Nilikuwa na hakika atakataa, maana kwa miaka yote aliyoishi pale alikuwa amekataa kubuni mdomo wa mtu.

Mume wangu akatoa picha ya harusi. "Kinywa kiko hapa. Kiko droit, kimenyooka, kabla ya ugonjwa."

"Mama hakutaka huo," nilisema. "Alitaka ule wake. Mzee anajua."

Wifi alikuwa ameshatufikia mlangoni. "Ule haukuwa wake," alisema. "Ule ulikuwa wa ugonjwa." Hakuna aliyemkumbusha kelele zake za bati. Mama ameshakufa, donc, basi, haina shida tena. Hilo ndilo alilolisema alipoulizwa na shangazi mmoja kwenye simu. Na peinture ya kweli, ya mafuta, nani mwingine aliwahi kuwa nayo katika matanga ya Brussels nzima?

Mzee aliichukua picha ya harusi, akaisogeza dirishani. Hakunitazama.

Ukumbi ulikuwa wa parokia moja ya Ganshoren, na bati liliwekwa mbele kati ya mishumaa, ndani ya fremu ya mraba ya dhahabu iliyoficha pembe sita. Macho yalikuwa ya mama mkwe wangu kabisa. Shingo ilikuwa ile iliyotiwa majani. Na chini ya pua ulikaa mdomo ulionyooka, mwororo, unaotabasamu kidogo, mdomo wa mwanamke anayesubiri keki ikatwe.

Watu waliingia wakasimama. Kina mama wakapiga magoti mbele yake. "Eh, maman! C'est elle! Njo yeye mwenyewe!" Mtu aliyezungumza naye kwa simu kwa miaka miwili na kuona kilemba tu alisema alivyofurahi kujua kwamba mama hakuteseka, uso ulibaki mzuri hadi mwisho. Kila mtu alipiga picha. Mzee wa chini alikuwa amekuja na koti lake jeusi, na alipotajwa kwamba ndiye mchoraji, ukumbi ulimpigia makofi. Watu walimletea sahani ya wali na samaki, wakamwita tonton, yaani mjomba, wakamshika bega. Nilimwona anavyokaa wima. Nadhani hakuna aliyewahi kumpigia makofi tangu chuo cha kuchora.

Sitamhukumu, na nakuomba msomaji nawe usimhukumu haraka. Mtu anaweza kuushikilia ukweli wake miaka arobaini katika chumba ambamo hakuna anayeingia. Si sawa na kuushikilia mbele ya watu wanaomwangukia shingoni.

Kabla majani mapya hayajatoka, wateja walikuwa wakipanda ngazi zake. Wengi waliufahamu mlango wake kupitia saluni ya wifi. Walimletea marehemu wao kwenye simu, wengine hata walio hai, na kila mmoja alikuwa na jambo dogo la kunyoosha. Alichora watu aliokuwa hajawahi kuwaona, waliokuwa wamekaa kimya ndani ya kioo cha simu, ambao hawachoki. Alinunua jiko jipya. Alianza kununua mkate wa siku hiyo.

Mwaka mmoja baada ya maziko, mume wangu akiwa kazini, niliitungua picha ya mama ukutani kwetu sebuleni nikashuka nayo. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini mzee alipoiona alijua.

"Uondoe mdomo huu," nilisema. "Weka wake. Nitajibu mimi kwa mume wangu."

Aliliweka bati kwenye kiegemeo. Chumba kilikuwa na nyuso nyingi sasa, na hakuna hata mmoja uliogeuzwa ukutani. Akachagua brashi, akachanganya rangi, akafumba jicho moja. Akasimama hivyo mpaka nikaona mkono unashuka.

"Ulivutika upande gani?" aliuliza.

"Kushoto kwake."

"Na juu palifanya nini? Paliinuka, au palibanwa?"

Nikafungua kinywa kumweleza. Nilikula na yule mama kila siku miaka ile. Nikajaribu kuufanya kwa mdomo wangu mwenyewe, nikaujaribu tena, naye akanisogelea na kunitazama kwa bidii, kama alivyowatazama watu zamani.

"Hapana," alisema. "Huo ni wako."

"Huna hata mchoro? Hata wa penseli?"

"Sikuuchora kamwe. Nilikuwa naungoja. Ukiuchora mapema, mkono unakariri, na siku yenyewe ikifika unachora kumbukumbu badala ya mtu." Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyokuwa akinifundishia, kisha akasikia alichokisema, akakaa kwenye kiti chake. "Naweza kuufuta huu. Kuweka ule siwezi. Pakibaki kijivu, utamtundika hivyo?"

Nilimfikiria mama mkwe wangu bila mdomo kabisa, sebuleni, juu ya televisheni. Nikasema aache.

Nilipanda nayo, nikaitundika. Mume wangu aliporudi alivua koti, akasimama mbele yake, akagundua kwamba imeguswa kwa sababu fremu ilikuwa imeinama.

"Ulikuwa umeipeleka kwa papa?"

"Nilimpelekea aitazame."

Aliinyoosha kwa vidole viwili, akarudi nyuma mpaka mlangoni kama mimi na mama yake tulivyofanya, akaitazama muda mrefu.

"Ametengeneza kitu," alisema. "Sasa anafanana kabisa."